Siku Tuliyowasha Injini ya Ndege ya Kivita Hapa Malaba, Ikakataa Kuzima

Wakuu, habari zenu.

Leo mvua imenifungia workshop mapema, chai iko hapa kando, na nimeona niwape hii story kabla nianze kuisahau vipande vipande.

Majina ya watu nimebadilisha. Chuo sitakitaja, na kambi niliyofanya kazi zamani sitaitaja, kwa hivyo msinisumbue inbox. Hayo mengine yote nayasema vile yalitendeka, hata pale yananiaibisha.

Mimi ni mama wa miaka hamsini kasoro kidogo, Mteso wa upande wa Kocholia. Hapa Malaba wananiita Mama Turbo.

Nilikuwa jeshini miaka kumi na tisa, fundi wa injini za ndege. Watu wakiskia "ndege za kivita" wanadhani nilikuwa napaa. Hapana. Mimi nilikuwa chini, grisi hadi kwa kiwiko.

Nilipostaafu nilirudi nyumbani nikafungua kibanda cha kutengeneza turbo za malori, karibu na foleni ya kuingia Uganda. Turbo ni ile kitu imejikunja kama konokono kando ya injini ya lori. Moshi unazungusha feni moja, hiyo feni inazungusha nyingine, hewa inasukumwa ndani. Ni kama mdogo wake injini ya jet. Kwa hivyo kazi ilinikubali haraka, na madereva waliokwama kwa foleni hawaishi.

Sasa kuna jambo lazima niwaambie kwanza, ndio muelewe nilichofanya baadaye.

Mwaka wangu wa tatu jeshini, tulikuwa tunafanya ground run. Hapo ndege imefungwa chini, haiendi popote, injini inawashwa isikilizwe kama iko sawa. Kabla ya kuwasha, kila fundi anahesabu vifaa vyake. Halafu mnatembea kwa mstari mmoja, macho chini, mkiokota kila jiwe na kila kifuniko cha soda, kwa sababu mdomo wa ile injini unameza chochote kilicho mbele yake.

Mimi nilihesabu vibaya. Tochi yangu ndogo, saizi ya kidole, ilibaki ndani ya njia ya hewa.

Injini iliimeza. Ile sauti ni kama mtu ameangusha sahani za bati kwa ngazi, na sahani haziishi kuanguka. Hakuna mtu aliumia. Lakini injini ilikwisha, blade baada ya blade, yaani zile panga za feni zake.

Nilijua ni tochi yangu hata kabla wafungue. Na nikanyamaza.

Nilinyamaza siku saba. Mkubwa wetu wa zamu, sajenti mmoja mpole sana, ndiye alikuwa ameweka sahihi kwamba vifaa vyote vimehesabiwa, kwa hivyo lawama ikamwangukia yeye. Siku ya nane ndio nikaenda kusema. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Ungesema siku ile ile, ningejua vile nitakusaidia. Sasa sijui."

Alihamishiwa stoo ya nguo. Mimi nikabaki kwa injini, lakini tangu hapo hadi nastaafu hakuna mtu aliniamini na throttle, yaani ule mkono wa kuongeza na kupunguza nguvu. Kila ground run nilisimama nje na kizima-moto.

Haya. Hiyo ndiyo ya zamani. Sasa tuje Malaba.

Mwaka jana mwalimu mmoja alikuja kwa kibanda changu na viatu safi kabisa, akiruka matope. Nikajua huyu hajaleta turbo. Alikuwa principal wa chuo kidogo cha ufundi nje ya mji. Tumuite Mwalimu Okisai.

"Mama Turbo, ni kweli ulikuwa fundi wa ndege?"

"Ni kweli."

"Basi kuja uone kitu."

Tukaenda. Nyuma ya darasa la welding kulikuwa na banda, na ndani ya banda, chini ya maturubai mawili na kuku mmoja aliyekuwa anaatamia mayai, kulikuwa na injini ya jet. Injini ndogo ya ndege ya kufundishia marubani wa kivita, ndege yenyewe ilishakufa zamani. Chuo kilipewa injini ili wanafunzi waione. Wakaiona, wakaifunika, wakaisahau.

Okisai akanieleza shida. Bodi ya chuo ilitaka iuzwe chuma chakavu, na watu wa scrap walikuwa wameshakuja na mzani. Yeye alikuwa amemwomba mwenyekiti wa bodi nafasi moja tu. Kama injini itawaka siku ya open day, wazazi wakiwa hapo, itabaki na chuo kitaanzisha darasa la injini. Isipowaka, mzani unarudi.

"Itawaka?" akaniuliza.

Nilimtoa kuku kwa heshima. Nikaweka mkono kwa zile blade za mbele nikasukuma. Zikazunguka polepole, bila kukwaruza, zikilia tik, tik, tik, vile injini nzima inalia ikiwa na afya.

Wakuu, nilisimama pale nikishika chuma cha baridi, sitaki kukiachilia. Kama umewahi kukutana na mtu mliyesoma naye shule ya msingi, ukamtambua kwa kicheko kabla ya uso, utanielewa.

"Kama nyigu hawajaiharibu, itawaka," nikamwambia.

Alidhani natania.

Sikuwa natania. Wale nyigu wa kujenga na udongo wanapenda sana matundu ya injini. Tulichomeka kwa simu ile kamera nyembamba kama nyoka, inayouzwa kwa maduka ya vifaa vya simu, tukaipenyeza ndani. Mlikuwa na mtaa mzima! Nyumba za udongo zimejengwa kwa mabomba ya mafuta na hadi pale moto unawakia. Tulifanya kazi kila Jumamosi karibu miezi mitatu, mimi na wanafunzi, tukitoa udongo kwa waya na hewa ya compressor.

Manual ilikuwepo, lakini mchwa walikuwa wamekula kurasa nyingi. Nyingine nilizijaza kwa kukumbuka.

Umeme nilimpa Wafula, fundi wa waya za malori, mwanaume wa Nambale, mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Wafula alikuwa na kofia moja nyekundu ambayo hakuivua hata akila.

Betri tulipewa na dereva Mganda anaitwa Ssalongo. Huyo turbo yake ilikuwa imekufa, na spea ilikuwa bado njiani, kwa hivyo alikuwa anakaa tu Malaba akila chapati. Aliposkia tunataka kuwasha injini ya jet alisema, "Banange! Nyabo, chukua betri, chukua na mimi," yaani jamani mama. Lori lake, halina mzigo, akalikokota bila turbo hadi kwa uwanja wa chuo.

Injini tuliifungia kwa chuma, chuma kikafungwa na nyaya nene kwa zege ambayo wanafunzi wa masonry walimwaga wenyewe. Mafuta tulitumia mafuta ya taa, ndani ya pipa lililoinuliwa, na mpira unashuka hadi kwa injini.

Mbele ya mdomo nikaagiza wavu wa chuma. Okisai hakuufurahia. "Madam, utaharibu sura. Wazazi wanataka kuona zile feni."

"Mwalimu, feni watazionea kwa picha."

Wavu ukabaki.

Kwa koki ya kukata mafuta, ile unavuta ndio injini izime, hatukuwa na mkono wa kiwandani. Tukatumia cable ya clutch ya boda boda. Inavutika vizuri, ni imara, na kila fundi hapa anaijua. Nilijivunia sana hiyo cable. Weka hapo kwanza.

Open day ilikuwa Jumamosi. Alhamisi asubuhi tukapanga kujaribu. Mwenyekiti wa bodi angefika saa nane mchana kuuliza imekuwaje.

Tulianza kwa kutembea uwanja, kwa mstari, tukiokota. Ssalongo naye akajipanga, tumbo mbele, akiokota vijiti vya meno. Nikachora mstari wa chokaa, wanafunzi wote nyuma ya mstari. Mkia wa injini tuliuelekeza upande wa ua wa miti, ambako nyuma yake kuna shamba la jirani yetu Mama Asere. Jioni iliyopita nilichungulia huko, hakukuwa na kitu.

Halafu nikakaa kwa kiti cha plastiki, nyuma ya meza ya saa za vipimo na swichi. Mkono wa kushoto throttle. Mkono wa kulia koki.

Mara ya kwanza maishani.

Mara ya kwanza haikuwaka. Ilizunguka, ikalia, ikatema harufu ya mafuta ya taa, basi. Wafula alikuwa amechanganya waya mbili za plagi. Alitaka turudie papo hapo. Nikakataa. Mafuta yakiwa yamejaa ndani, ukiwasha unapata ulimi wa moto kama wa joka. Tulisubiri yamwagike, tukaizungusha kavu, tukapanguza. Wanafunzi walianza kupiga miayo. Okisai alikuwa anaangalia saa.

Mara ya pili nikampa Wafula dole gumba. Betri za Ssalongo zikaguna. Feni zikaanza, polepole, halafu haraka, halafu hazionekani tena, ni kivuli tu. Nikafungua mafuta.

Kukaskika kitu kama shuka kubwa linakung'utwa. Puuu!

Halafu ile sauti, wakuu. Ilianza kama filimbi, ikashuka ikawa nene, ikaingia kwa kifua. Mshale wa joto ukapanda, ukafika pale unatakiwa, ukakaa. Wanafunzi waliruka juu. Sikuwaskia, niliona tu midomo imefunguka na mikono hewani. Okisai alikuwa anamkumbatia mwalimu wa welding.

Nikasukuma throttle kidogo. Ikaitika. Nikarudisha. Ikaitika. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Baada ya dakika tatu nikaona imetosha. Nikavuta koki.

Cable ikaja yote mkononi mwangu, laini, kama uzi umetoka kwa sindano.

Injini ikaendelea kunguruma.

Nikavuta tena, upumbavu tu, kwa sababu nilikuwa nimeona mwisho wa cable umechomoka kwa nati inayoushika. Mtetemo ulikuwa umeilegeza. Throttle nikairudisha chini kabisa, lakini chini kabisa si kuzima. Na pipa lilikuwa limejaa. Ingekunywa hadi jioni.

Kulikuwa na koki ya pili, pale kwa pipa. Lakini pipa tulikuwa tumeliweka kwa kivuli cha mti mdogo, na huo mti uko mbele, upande mmoja wa mdomo wa injini. Tukipanga tuliona ni sawa, kwa sababu wakati wa kupanga injini haivuti.

Mimi nafikiria njia. Wafula hafikirii. Alikuwa kando ya injini, upande wangu, akaona cable mkononi mwangu, akaelewa, akakimbia kuelekea pipa. Na njia fupi kutoka alipokuwa ilikuwa inakata moja kwa moja mbele ya mdomo.

Nilipiga kelele. Kelele gani? Hata mimi sikujiskia.

Nikaacha meza nikakimbia. Sijui nilikimbiaje na hizi goti zangu. Nilimshika mkanda wa overall kutoka nyuma, hatua chache kabla afike mbele ya mdomo, nikajiangusha chini naye. Tulianguka kama magunia. Na pale chini nikaona kofia nyekundu ikitoka kwa kichwa chake, ikaruka hewani kama ndege mdogo, ikaenda.

Ikagonga wavu, ikabandika hapo.

Injini ikakosa hewa, ikakohoa. Bam! Bam! Kama bunduki. Wafula akageuka akaona kofia yake imebandikwa kwa wavu, inatetemeka, imejikunja, na uso wake ukabadilika rangi. Hapo ndio alielewa.

Nikamwonyesha kwa mkono: lala, usiinuke. Mimi nikatambaa kwa tumbo, nikarudi nyuma, nikazunguka mbali na mdomo hadi nikafikia pipa kutoka upande wa mti. Nikafunga koki.

Haikuzima mara moja. Mpira bado ulikuwa na mafuta. Nililala pale nyasi imeniingia mdomoni, nahesabu. Nilifika ishirini na kitu. Ndio ile sauti ikapunguka, ikawa filimbi tena, ikawa pumzi, ikawa tik, tik, tik.

Kimya.

Kila mtu alisimama alipo. Wafula akajipapasa kichwa. Akasema, "Madam, ile kofia ilikuwa mpya."

Nilimpiga kofi la mgongo halafu nikamkumbatia.

Halafu tukaskia sauti ya mwanamke kutoka upande wa ua.

"Nyinyi watu! Nani amefungulia upepo?"

Mama Asere alitokea kwa pengo la miti, mweupe kwa vumbi kutoka kichwani hadi miguuni kama amepakwa chokaa. Asubuhi hiyo aliona jua zuri, akatandaza mihogo yake iliyomenywa na wimbi kidogo juu ya turubai, nyuma tu ya ua. Sisi hatukuchungulia tena. Turubai lilikuwa limepaa, likavuka shamba, likatua juu ya gari la Okisai lililoegeshwa kando ya barabara, limelifunika vizuri kama gari la bibi harusi. Wimbi lilikuwa limeenda na upepo. Mihogo ilikuwa imetapakaa hadi barabarani.

Nikamwendea mikono imekunjwa. "Mama, tusamehe. Ni mimi. Tutaokota yote, na wimbi tutarudisha."

Akaniangalia. Akaangalia ile injini. Akainama, akaokota kipande kimoja cha muhogo, akakivunja karibu na sikio. Kikalia kakaka.

"Hii ilikuwa mbichi saa mbili," akasema. "Sasa imekauka. Mnawasha tena lini?"

Ssalongo aliketi chini akicheka, akashindwa kuinuka. Wanafunzi wakaingia shambani na vikapu, wakaokota hadi kipande cha mwisho, na Mama Asere anawaelekeza kama meja.

Lakini kicheko hicho kilipoisha, Okisai alinivuta kando.

Alikuwa anatokwa na jasho. "Madam, mwenyekiti anakuja saa nane. Akiskia mtu alikuwa karibu kumezwa, open day imekwisha, injini inaenda kwa mzani. Tuseme iliwaka vizuri, ikazima yenyewe mafuta yalipoisha. Hiyo si uongo mkubwa."

Sikumlaumu. Alikuwa amepigania hiyo injini kuliko mtu yeyote. Na mimi pia niliitaka. Nilikuwa nimekaa kwa throttle dakika tatu baada ya kungoja maisha yangu yote ya kazi. Roho yangu ilisema, nyamaza tu Mama Turbo, Jumamosi si mbali, utafunga hiyo cable vizuri na hakuna atakayejua.

Ndio nikamkumbuka yule sajenti. Nikakumbuka zile siku saba, vile chakula kilikuwa hakina ladha.

"Mwalimu," nikasema, "mwenyekiti akifika, niache niongee mimi."

Mwenyekiti wa bodi ni Mzee Ojuma. Alikuwa dereva wa treni miaka mingi, kwa hii reli yetu inayoingia Uganda. Ni mzee wa maneno machache. Alikuja na mwavuli, akaketi kwa kile kiti changu cha plastiki, akasema, "Haya."

Nikasimama wima vile tulifunzwa. Wafula na Okisai kando, wanafunzi wanaskia.

"Mzee, injini imewaka, imefanya kazi vizuri. Lakini ilikataa kuzima, na Wafula alikuwa karibu kufa. Kosa ni langu. Kila nati kwa hii injini nimeifunga na waya isilegee, kwa sababu manual inasema. Cable ya boda boda haiko kwa manual, nikaisahau. Pipa niliweka mahali pabaya. Nyuma ya ua sikuangalia leo asubuhi. Wafula hana kosa, alitaka kusaidia. Mwalimu hana kosa. Ni hayo."

Mzee aliweka mwavuli wake chini. Lori lilipiga honi mbali kwa foleni.

"Umeniambia bila kuulizwa," akasema.

"Ndio, mzee."

"Kwa nini?"

"Niliwahi kungoja kuulizwa, mzee. Mtu mwingine akalipia."

Akaitikia kwa kichwa. "Kwa reli tulikuwa na madereva wa aina mbili. Mmoja akipita signal nyekundu anakuja ofisini mwenyewe. Mwingine unamgundua. Yule wa pili, hata kama ni hodari, mimi sikuwa napanda treni yake."

Akainuka, akazunguka ile injini, akaangalia kofia iliyonasa kwa wavu.

"Mna siku ngapi?"

"Kesho tu, mzee."

"Basi mnangoja nini?"

Wakuu, Okisai ndiye alilia. Mimi nilikuwa nimeshashika spana.

Hiyo Ijumaa tulifanya kazi kama siafu. Pipa likahamishwa nyuma kabisa ya meza, mbali na mdomo. Koki ikapata cable mbili badala ya moja, kila mwisho umefungwa na waya, na kwa pipa tukaweka kamba ya kuvuta ukiwa mbali. Tukafanya zoezi la kuzima mara kumi injini ikiwa baridi, kila mtu anajua asimame wapi na asikanyage wapi. Nikaandika ripoti ya yaliyotokea, ukurasa mmoja, nikaibandika kwa ubao wa matangazo na jina langu chini. Wanafunzi walikuja kuisoma kimya. Mmoja, msichana wa Nambale, akaniuliza, "Madam, si utaonekana vibaya?"

"Nitaonekana nimesema," nikamwambia. "Inatosha."

Mama Asere tulimpa kazi rasmi. Alivaa reflector jacket, akashika ufagio, akalinda upande wa mkia. Okisai alijaribu kupita hapo mara moja kukagua, akarudishwa na ufagio.

Jumamosi watu walikuja wengi kuliko viti. Wazazi, mapadre wawili, madereva wa malori waliotoka kwa foleni na kandambili, wanawake wa kuuza ndizi na vikapu vyao kichwani. Mzee Ojuma aliketi mstari wa kwanza na suti ya zamani.

Tukatembea uwanja tukiokota. Wageni nao wakajiunga bila kuitwa, mstari mrefu wa watu na nguo zao za Jumapili, macho chini. Sijawahi kuona uwanja safi hivyo hata jeshini.

Injini iliwaka mara ya kwanza. Puuu! Watoto walijificha kwa sketi za mama zao halafu wakachungulia. Nikaipandisha, nikaishusha, nikaipandisha. Upepo wa nyuma ulipiga miti ya ua ikalala, na Mama Asere akasimama imara kando, ufagio juu, kama anaongoza kwaya.

Halafu nikavuta koki.

Okisai alifunga macho. Wafula alishika kamba ya pipa kwa mikono miwili.

Sauti ikakatika saa hiyo hiyo. Ikashuka, ikawa filimbi, ikawa pumzi, ikaisha.

Ndio Ssalongo, ambaye spea yake ilikuwa imefika Ijumaa na angeweza kuwa ameshafika mbali, akapanda kwa lori lake akalalia honi. Lori la barabarani likajibu. La nyuma yake likajibu. Honi zikaenda zikifuatana kwa foleni hadi kule kwa daraja la mpakani, madereva ambao hawakujua hata kumetokea nini, wanapiga tu kwa sababu wenzao wanapiga. Upande wa Uganda nao wakaitikia.

Mzee Ojuma alikuja akanishika mkono. Akauliza kwa uzito kabisa, "Hii inaweza kuvuta mabehewa mangapi?"

Injini iko. Banda lake limejengwa upya, na darasa la injini lilianza muhula huu. Nafundisha Jumanne na Alhamisi, na somo la kwanza si blade wala moto. Nawasomea ile ripoti yangu.

Funzo ni nini? Mimi si mhubiri. Nasema tu kile nimeona kwa macho yangu: kosa ulilolisema mchana huo huo bado ni dogo, unaweza kulishika na mikono, ukaliweka mezani, watu wakakusaidia kulifungua. Ukililalia, linaamka limekomaa. Na kwa wale wa gereji: kile kitu umekitengeneza mwenyewe, ambacho hakiko kwa manual, ndicho ukikague mara mbili.

Mmoja wenu ataniuliza kama sikuogopa kusimama mbele ya mwenyekiti. Niliogopa kuliko nilivyoogopa injini.

Sasa uwanja ni wenu. Mafundi, madereva, manesi, walimu, hata wapishi: kosa gani la kazini ulilisema mwenyewe kabla ya kuulizwa, na walikufanya nini? Na kama kuna moja bado umelikalia, andika hapa hata bila jina. Mimi niko, nasoma zote, na chai bado ni moto.